Cheti Kabla ya Kura: Nyeri na Uchaguzi wa 1957

Alfajiri ya tarehe 18 Februari 1957, Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, alinyongwa katika gereza la Kamiti. Mwezi uliofuata, Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Vitabu vingi huyaweka matukio haya mawili mbalimbali: la kwanza katika sura ya vita, la pili katika sura ya katiba. Kwa mtu wa Nyeri hayatengani hata kidogo. Kimathi alikuwa mtoto wa Tetu. Alipigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 karibu na Ihururu, akalazwa katika hospitali ya Nyeri, kisha Novemba akashtakiwa mjini humohumo mbele ya Jaji Mkuu, Kenneth O'Connor, na kuhukumiwa kifo. Wakati kesi ikiendelea, serikali iliyomshtaki ilikuwa katika maandalizi ya kuwaita Waafrika wa mkoa ule waje kupiga kura.

Waafrika gani? Hapo ndipo penye habari.

Tuanze na mji wenyewe. Nyeri ilianzishwa na Waingereza mwishoni mwa 1902, baada ya msafara wa askari wa King's African Rifles aliokuwamo Richard Meinertzhagen kuivamia nchi ya Tetu. Embu ilifuata mwaka 1906, Meru mwaka 1908, na Nanyuki ikakua pale reli ilipofika karibu na 1930. Kila kituo cha namna hiyo kilihitaji askari, wapagazi, wapishi, makarani na wachuuzi, na watu hao walihitaji mahali pa kulala. Ndiyo sababu ukizunguka Mlima Kenya utakuta mitaa ya Majengo Nyeri, Majengo Nanyuki, Majengo Embu na Majengo Meru, kila mmoja ukiwa na msikiti wake na mazungumzo ya Kiswahili vibarazani. Walikaa humo Waswahili wa pwani, Wanubi, Wakamba, Wasomali, na Wakikuyu waliosilimu au waliokuja mjini kutafuta riziki. Serikali ya kikoloni ilipenda kumfunga kila Mwafrika katika eneo la kabila lake chini ya chifu wake. Majengo haikuingia vizuri katika hesabu hiyo, na uchaguzi wa 1957 uliliweka wazi jambo hilo.

Si kwamba kura ilikuwa ngeni Nyeri. Wazungu wa Kenya walikuwa wakichagua wajumbe wao tangu 1920, wanawake wao wakiwamo. Mashamba yao yaliyouzunguka mlima yalikuwa katika jimbo lililoitwa Mount Kenya, na mjumbe wake katika miaka hiyo alikuwa Group Captain Briggs, aliyeongoza kundi la walowezi wagumu lililompinga Michael Blundell, kiongozi wa walowezi wenye msimamo laini zaidi. Katika uchaguzi wa Wazungu wa Septemba na Oktoba 1956 kundi la Briggs lilipata viti vingi kuliko la Blundell. Mpishi wa hoteli ya Outspan au ya White Rhino aliwahudumia wateja waliobishana kuhusu kura usiku kucha, na yeye mwenyewe hakuwa na neno. Kwa upande wa Waafrika, mtu wa kwanza kuingia katika Baraza alikuwa Eliud Mathu, mwalimu wa Kiambu aliyesoma Oxford, na aliingia Oktoba 1944 kwa kuteuliwa na gavana. Miaka 12 aliyokaa humo hakupigiwa kura na mwananchi hata mmoja.

Vita vya Mau Mau vilipozuka, London ililazimika kubadilisha mambo kidogo. Hali ya hatari ilitangazwa usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952, na siku mbili baadaye Chifu Nderi akauawa Nyeri alipokwenda kuvunja mkutano wa kiapo. Mwaka 1954 waziri wa makoloni, Oliver Lyttelton, alileta katiba mpya iliyompa Mwafrika mmoja, B. A. Ohanga, nafasi ya uwaziri kwa mara ya kwanza. Ilibaki kuamua jinsi ya kuwapata wajumbe wa Kiafrika kwa kuchaguliwa badala ya kuteuliwa. Kazi hiyo akapewa afisa wa kikoloni, Walter Coutts, na ripoti yake ndiyo iliyozaa utaratibu wa 1957.

Coutts hakupendekeza kura moja kwa kila mtu mzima. Alipendekeza kura ya kupimiwa. Mwafrika mwenye miaka 21 na zaidi angeandikishwa kama ana sifa fulani: elimu ya shule ya kati, au kipato cha pauni 120 kwa mwaka, au mali ya pauni 500, au utumishi wa muda mrefu jeshini au serikalini, au heshima ya uzee na uongozi. Kadiri sifa zilivyoongezeka ndivyo kura zilivyoongezeka, hadi tatu. Karani aliyesoma, mwenye mshahara mzuri na miaka mingi ya kazi, aliweza kuwa na kura tatu. Jirani yake mwenye sifa moja alikuwa na kura moja. Mkulima aliyelisha familia yake kwa jembe na hakuwahi kukanyaga darasa, kama hakuwa mzee wa kutambuliwa, hakuwa na kura.

Wako watakaosema kwamba hata mataifa makubwa yalianza hivyo. Ni kweli kwa sehemu. Katika uchaguzi wa kwanza wa bunge la Japani, tarehe 1 Julai 1890, waliopiga kura ni wanaume wa miaka 25 na zaidi waliolipa kodi ya yeni 15 kwa mwaka, nao walikuwa kama mtu mmoja katika kila watu 100. Ubelgiji ilikuwa na utaratibu wa kumpa mwanamume hadi kura tatu tangu 1893, ikaachana nao mwaka 1919 baada ya Vita Vikuu. Lakini jambo linaloniuma ni la Uingereza yenyewe. Huko, mtu aliyekuwa na biashara au shahada ya chuo kikuu aliweza kupiga kura ya ziada hadi bunge lilipofuta haki hiyo kwa sheria ya 1948. Walichokiona kuwa dhuluma kwao walikileta Kenya miaka tisa baadaye kama hatua ya maendeleo. Na walipimiwa Waafrika peke yao. Mlowezi wa Naro Moru hakuulizwa cheti cha shule.

Hesabu ya viti ilikuwa hivi: Wazungu, ambao hawakuzidi sana 60,000, walikuwa na viti 14. Waafrika, zaidi ya milioni 6, walipewa viti 8. Kimoja kati ya hivyo vinane kilikuwa cha Mkoa wa Kati wote, kuanzia Kiambu, kupitia Murang'a na Nyeri, hadi Embu na Meru.

Kwa Mkoa wa Kati sifa za Coutts hazikutosha. Mkikuyu, Mwembu au Mmeru alitakiwa kwanza kuonyesha cheti cha uaminifu, yaani karatasi ya serikali iliyoshuhudia kwamba mwenye nayo alikuwa upande wake katika vita dhidi ya Mau Mau. Bila cheti, elimu yake yote na mali yake yote havikuhesabika.

Ili kuelewa uzito wa karatasi hiyo, kumbuka Nyeri ilikuwaje mwaka ule. Tangu katikati ya 1954 zaidi ya watu milioni moja wa mkoa huu walikuwa wameondolewa katika nyumba zao na kulundikwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungukwa na miiba na kulindwa na homgadi, ambao kwa Kikuyu waliitwa ngati. Wanawake walichimba kwa mikono yao mtaro mrefu ukingoni mwa msitu ili kuwatenga wapiganaji na chakula. Wanaume kwa maelfu walikuwa kambini, wakihamishwa kutoka kambi moja hadi nyingine kadiri walivyokiri au kukataa kukiri kiapo. Watu walipangwa mstari, na gakunia, aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho, akapita akitikisa kichwa. Kichwa kikitikiswa, maisha ya mtu yalibadilika palepale.

Katika hali hiyo cheti kilikuwa uhai. Mwenye nacho aliweza kusafiri na kufanya biashara, na aliepushwa na kodi maalumu waliyotozwa Wakikuyu, Waembu na Wameru kama adhabu ya vita. Kura iliongezwa juu ya fadhila hizo. Waliopima uaminifu ni machifu, maafisa wa tarafa na kamati za wenyeji wenye cheti tayari, watu ambao wengi wao walikuwa na ugomvi wa mashamba na majirani zao. Wakati huohuo mpango wa serikali wa kupanga upya ardhi, ulioitwa mpango wa Swynnerton wa 1954, ulikuwa ukiendelea, na Nyeri ilikuwa mbele katika kuunganisha vipande vya ardhi na kuvipimia mipaka mipya. Kamati zilikaa kugawa mashamba huku wenye mashamba wako kambini. Mali ilikuwa moja ya sifa za kupata kura. Mtu aliweza basi kupoteza ardhi, uhuru wa kutembea na sauti ya kisiasa kwa uamuzi wa watu walewale, na asiwe na mahali pa kukata rufaa.

Rudi sasa Majengo. Kwa mujibu wa sheria ile, Mswahili au Mnubi aliyeishi Nyeri aliulizwa habari za elimu, kipato na utumishi tu. Mkikuyu mwislamu wa nyumba ya pili, aliyeswali naye safu moja na kufungua saumu naye, aliulizwa kwanza cheti. Hakuna kitu kinachonionyesha ubaya wa utaratibu ule zaidi ya hili. Watu waliokuwa wamejenga udugu wa mjini kwa nusu karne, wakiozana na kuzikana, walipasuliwa na daftari la wapiga kura kwa kufuata damu ya baba. Serikali ilidai kwamba inapima nia ya mtu. Kwa kweli ilianza kwa kupima kabila lake, kisha ikamtaka yeye mwenyewe ajisafishe.

Mikutano ya siasa nayo ilibanwa. Mwezi Juni 1955 serikali iliruhusu Waafrika waunde vyama vya wilaya, lakini Mkoa wa Kati haukuhusishwa. Huku liliruhusiwa baraza la ushauri la waaminifu peke yake. Wapiga kura wa Nairobi walimsikia Tom Mboya akiwahutubia kwa Kiswahili na kubishana hadharani na wakili Argwings-Kodhek. Wa Nyeri hawakuwa na mambo hayo.

Matokeo yalikuja Machi, na yaliwashangaza hata waliouandaa uchaguzi. Mathu alishindwa. Mtu aliyekuwa sauti ya Waafrika katika Baraza tangu 1944, mpole, msomi, aliyeamini kwamba hoja nzuri ingeshinda, aliangushwa na Bernard Mate, mwalimu kutoka Meru. Sababu yake kubwa ni hesabu tu. Vita vya msituni viliigusa Meru kwa nguvu ndogo kuliko Nyeri au Murang'a, na Wameru waliopata vyeti walikuwa wengi kuliko Wakikuyu. Daftari la wapiga kura likawa la Wameru kwa sehemu kubwa, na wao, kama ilivyo kawaida ya binadamu, walimchagua mtu wao. Sina la kumlaumu Mate. Aligombea chini ya sheria aliyoikuta, akashinda. Lakini mkoa wenye Wakikuyu wengi zaidi nchini uliingia katika Baraza bila Mkikuyu hata mmoja aliyechaguliwa, na Nyeri, kitovu cha vita, ikawakilishwa kwa kura za watu ambao wengi wao hawakuishi Nyeri.

Kwingineko mambo yalikuwa tofauti, na hapa ndipo mpango wa serikali ulipoigeukia serikali yenyewe. Kura za kupimiwa zilikusudiwa kuleta watu wa kiasi. Zilimleta Oginga Odinga kutoka Nyanza ya Kati, akamwangusha waziri Ohanga. Zilimleta Masinde Muliro kutoka Nyanza ya Kaskazini, akamwangusha mpinzani wake Awori. Nairobi ikamleta Mboya, Pwani ikamleta Ronald Ngala, Bonde la Ufa Daniel arap Moi, Ukambani James Muimi, na Nyanza ya Kusini Lawrence Oguda. Wanane hao, Mate akiwamo, waliungana mara moja, Odinga akiwa mwenyekiti na Mboya katibu. Wakakataa kushika uwaziri wowote chini ya katiba ya Lyttelton na kudai viti 15 zaidi. Walimu na makarani waliochujwa kwa makini na serikali wakaivunja katiba ya serikali hiyo ndani ya mwaka mmoja.

Mwaka uleule wa 1957 majirani zetu nao walikuwa safarini. Zanzibar ilifanya uchaguzi wake wa kwanza mwezi Julai. Tanganyika ilikuwa inajiandaa kwa kura tatu za aina nyingine, ambapo kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja; chama cha TANU cha Nyerere kikaamua Tabora, Januari 1958, kuingia humo na kushinda humohumo. Nyerere aliweza kuwashawishi watu wake kwa sababu aliweza kukaa nao mkutanoni. Wa Nyeri walinyimwa hata nafasi ya kushawishiana.

Waziri wa makoloni aliyemfuata Lyttelton, Alan Lennox-Boyd, alikuja Oktoba 1957 na kuongeza viti sita vya Waafrika. Katika uchaguzi wa Machi 1958 Mkoa wa Kati uligawanywa. Nyeri iliunganishwa na Embu, na kiti hicho akakitwaa Jeremiah Nyagah, mwalimu kutoka Embu, ambaye baadaye alikuja kuwa waziri wa kilimo kwa miaka mingi. Julius Kiano aliyetoka Murang'a alipata kiti cha upande wa kusini. Cheti kilikuwa bado kinahitajika. Kwa mara ya pili Nyeri ilipata mjumbe asiyetoka Nyeri. Nyagah alikuwa mtu wa heshima na aliungana na wenzake kupinga katiba ya Lennox-Boyd, lakini wanaume wa Othaya, Mukurwe-ini na Mathira waliokuwa Manyani au Mwea hawakuulizwa lolote.

Ndani ya Baraza, mwezi Juni 1958, Odinga alisimama na kuwataja Kenyatta na wenzake waliofungwa kuwa viongozi wa kweli wa watu. Wazungu walimzomea, na hata baadhi ya wenzake walishtuka. Nadhani siku hiyo ndiyo kwanza watu wa Nyeri walipopata mwakilishi, ingawa alikuwa mtu wa Nyanza na hakuna kura yao hata moja iliyompeleka pale. Machi 1959 wafungwa 11 waliuawa kwa kupigwa katika kambi ya Hola, London ikatahayari, na Januari 1960 hali ya hatari ikafutwa.

Uchaguzi wa Februari 1961 ulikuwa wa namna nyingine kabisa. Cheti cha uaminifu kiliondoka. Aliyejua kusoma na kuandika lugha yake, au aliyepita miaka 40, au mwenye cheo, au mwenye kipato cha pauni 75 kwa mwaka, aliandikishwa, na kila mtu akawa na kura moja. KANU ilikwenda kwa wapiga kura na neno moja, Uhuru na Kenyatta, ikapata viti 19 dhidi ya 11 vya KADU, kisha ikakataa kuunda serikali hadi Kenyatta aachiliwe. Watu waliorudi kutoka kambini wakakuta mashamba yao yamepimwa upya na kura zao zimefunguliwa. La kwanza halikurekebishwa. La pili walilitumia kwa nguvu zao zote, na tena Mei 1963, uchaguzi wa kwanza wa watu wazima wote bila kupimiwa. Desemba ya mwaka huo wapiganaji waliokuwa bado msituni walitoka na kuja Ruring'u, Nyeri, kuweka silaha chini.

Ingekuwa vyema kuandika kwamba mambo yaliishia hapo. Lakini miaka ile ya cheti iliacha kovu. Aliyekuwa nacho alisomesha watoto wakati wa mwenzake wamekosa karo, alipanda kahawa, alipata leseni ya duka, alijifunza kazi ya ofisi. Mzungu alipoondoka, nafasi zilimwangukia yule aliyekuwa tayari. Mau Mau wenyewe walibaki kuwa chama haramu katika sheria za Kenya huru hadi 2003, serikali ya Mwai Kibaki, mtu wa Othaya, ilipofuta marufuku hiyo. Miaka 40 ya uhuru ilipita wakiwa wahalifu mbele ya sheria. Mimi sioni namna ya kueleza miaka hiyo bila kurudi kwenye karatasi ile iliyotangulia kura.

Na wala sitaki kuwahukumu kwa jumla waliokipokea cheti. Wako waliokichukua kwa tamaa, wako waliochukia damu iliyomwagwa na Mau Mau wenyewe, na wako mama zetu waliokitaka ili wapite kizuizini na mtoto mgonjwa mgongoni. Hukumu yangu ni juu ya utaratibu: serikali iliyoifanya haki ya raia kuwa zawadi ya upande mmoja wa vita, kisha ikaiita demokrasia.

Aliyekuwa na miaka 21 mwaka 1957 alizaliwa 1936 au kabla yake. Waliobaki ni wachache, na wanatuacha kila mwaka. Kwa hiyo nawaomba wasomaji wa Majengo zote za mlima, na wa vijiji vilivyokuwa na miiba: keti na mzee wako juma hili, washa simu urekodi, umuulize aliandikishwa au alikataliwa, na nani aliyemkataa. Kama sandukuni kuna cheti cha uaminifu, kipande (kitambulisho cha kikoloni) au kadi ya kura ya zamani, usikichome kwa aibu wala kukiuza kwa mtalii. Kipeleke kwenye Makumbusho ya Nyeri pale Ruring'u, au kwenye Nyaraka za Taifa Nairobi, wakitunze kwa jina la mwenyewe.